Upanga wa Kusanagi na mtoto aliyezama nao



Kurasa hizi zimezoea kupokea uchambuzi wa tenzi na riwaya za kwetu, na wanaouandika ni watu wa fasihi. Mimi ni mhandisi wa mitambo, na Kijapani changu ni kile nilichookota Nagoya mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilipokuwa mwanafunzi huko. Hata hivyo naomba nafasi leo nizungumzie hadithi moja ya Japani ambayo watoto wetu wanaipata nusu nusu kwenye katuni na michezo ya kompyuta. Ni hadithi ya upanga uitwao Kusanagi. Watoto wanajua kwamba ulitoka kwenye mkia wa joka na kwamba una nguvu za ajabu. Wasichoambiwa ni kwamba upanga ulioitwa kwa jina hilo ulizama baharini mwaka 1185, na ulizama pamoja na mtoto wa miaka 6.

Wajapani wa kale walihangaika sana kueleza upanga huo umepoteaje. Maelezo yao mojawapo, ambayo kwa ufundi wa usimulizi yanashinda mengine yote, yalimgeuza mtoto yule kuwa joka. Hayo ndiyo nataka tuyapime leo, maana naona kwamba uzuri wake umeficha jambo ambalo halifai kufichwa.

Mkia wa joka

Tuanze na asili. Kitabu cha Kojiki, kilichokamilishwa na Ō no Yasumaro mwaka 712, na kile cha Nihon Shoki cha mwaka 720, vinasimulia kwamba mungu Susanoo alifukuzwa mbinguni akateremka nchi ya Izumo, kwenye mto Hii, upande wa magharibi wa kisiwa kikuu. Akawakuta mzee na mkewe wanalia. Walikuwa na mabinti 8. Kila mwaka lilikuja joka likamla mmoja, na sasa amebaki wa mwisho. Joka lenyewe lilikuwa na vichwa 8 na mikia 8, macho mekundu, miti imeota mgongoni, na tumbo linalovuja damu daima. Susanoo akaagiza ipikwe pombe kali, likajengwa boma lenye milango 8, na kila mlango ukawekewa chombo cha pombe. Joka likanywa, likalewa, likalala. Akalikatakata. Alipofika kwenye mkia mmoja, makali ya upanga wake yakamong'onyoka. Kuupasua mkia akakuta upanga mwingine ndani yake, akampelekea dada yake Amaterasu, mungu wa jua.

Kwa mtu wa kazi yangu, kinachovutia hapa ni yale makali yaliyomong'onyoka. Msimulizi anajua kwamba chuma hakivunjiki bure, kimekutana na kitu kigumu kuliko chenyewe. Ndiyo maana wapo waliosoma kisa chote kama habari ya wafua chuma. Izumo ni nchi ya mchanga wenye chuma, na mpaka leo wakati wa baridi huwashwa huko tanuri la udongo la jadi linaloitwa tatara, ambalo hupakiwa takriban tani 10 za mchanga wa chuma na tani 12 za mkaa kwa siku tatu mchana na usiku, na kutoa bonge la takriban tani 2.5 ambamo hupatikana chuma cha kufulia panga. Kwa tafsiri hiyo joka ni mto wenye matawi mengi, tumbo lenye damu ni maji yaliyogeuka mekundu kwa kuosha mchanga wa chuma, na upanga mkiani ndiyo zao la tanuri.

Tafsiri hiyo inapendeza, na wahandisi tungependa iwe kweli. Lakini ina kasoro ya tarehe. Kuoshwa kwa milima mizima ili kupata mchanga wa chuma, mpaka mito ikajaa tope na kufurika, kulishamiri karne nyingi baada ya Kojiki kuandikwa. Hatuwezi kuchukua mto wa karne ya 17 tukaupeleka karne ya 8 ili hesabu yetu ikamilike. Naitaja kasoro hii mapema kwa sababu tutaikuta tena mbele kwa sura nyingine: mtu ana maelezo mazuri, kisha anayalazimisha mambo yaingie humo.

Jina lililotangulia tukio

Kusanagi kwa maana ya kawaida ni mfyeka nyasi. Jina hilo linaelezwa kwa kisa cha Yamato Takeru, mwana wa mfalme aliyetumwa mashariki kuwatiisha maadui. Shangazi yake, kuhani wa Ise, alimpa upanga huo na kifuko. Maadui wakamhadaa akaingia kwenye uwanda wa nyasi, kisha wakautia moto. Akafyeka nyasi zilizomzunguka kwa upanga, akafungua kifuko, akakuta gumegume, akawasha moto wake mwenyewe kuukabili ule mwingine, akapona.

Msomaji makini atagundua mambo mawili. La kwanza, Kojiki inauita upanga huu Kusanagi tangu siku unapotoka kwenye mkia wa joka, kabla hapajatokea habari ya nyasi. Jina limelitangulia tukio linalosemekana kulizaa, na ndiyo maana wataalamu wengine wanalitafuta kwenye neno la kale la nyoka. La pili, katika masimulizi makuu ya Nihon Shoki kilichomwokoa Yamato Takeru ni ule moto wa kukabili moto. Kwamba upanga ulijichomoa wenyewe ukafyeka nyasi ni riwaya ya pembeni iliyotajwa kama kauli ya wengine. Upanga ulikuwa unakua mdomoni mwa wasimulizi, kazi ya akili ya binadamu na gumegume ikahamishiwa kwake.

Hata hivyo kisa hiki kina mwisho wa heshima. Yamato Takeru aliuacha upanga nyumbani kwa mkewe Miyazuhime katika nchi ya Owari, akaenda mlima Ibuki kupambana na mungu wa huko mikono mitupu. Akapigwa na mvua ya barafu, akaugua, akafia njiani. Upanga ukabaki Owari, na hapo ndipo lilipo hekalu la Atsuta, ndani ya jiji la Nagoya.

Kitu kisichoonekana

Nilipokuwa mwanafunzi nilipita Atsuta mara nyingi. Ni mahali patulivu penye miti mikubwa katikati ya jiji la viwanda. Tangu mwaka 2021 kuna jumba jipya la maonyesho ya panga lenye jina la Kusanagi, na panga zinazoonyeshwa humo ni nzuri ajabu, lakini Kusanagi wenyewe haumo. Hauonyeshwi kwa yeyote. Yapo maandishi ya zama za Edo yanayodai kwamba makuhani fulani walifungua sanduku kwa siri wakaona upanga mweupe wenye umbo la jani, urefu wa sentimita 80 na kitu, na kwamba walipatwa na mabaya kwa kosa hilo. Weupe huo umewafanya baadhi ya watu wadhani ni shaba iliyochanganywa na bati. Mhandisi hawezi kusema zaidi ya hapo, maana hajapewa kitu cha kupima.

Katika historia iliyoandikwa, upanga huu unajitokeza zaidi pale unapokosekana. Nihon Shoki inasema mwaka 668 mtawa aitwaye Dōgyō aliuiba, akakimbia kuelekea ufalme wa Silla huko Korea, dhoruba ikamrudisha. Mwaka 686 Mfalme Tenmu aliugua, waaguzi wakasema ni laana ya Kusanagi, upanga ukapelekwa Atsuta siku hiyo hiyo. Mfalme alikufa mwaka huo huo. Kitabu kingine, Kogo Shūi cha mwaka 807, kinaeleza kwamba zamani za Mfalme Sujin kioo na upanga vilitengenezewa nakala za kukaa karibu na mfalme, na vile vya asili vikatolewa nje ya jumba. Tuliweke jambo hili akilini, kwa sababu suala la asili na nakala litakuwa kimbilio la wengi baadaye.

Bahari ya Dan-no-ura

Sasa tufike mwaka 1185. Koo mbili za wapiganaji, Taira na Minamoto, zilikuwa zinagombania nchi. Mkuu wa Taira, Kiyomori, alimsimika mjukuu wake Antoku kuwa mfalme mwaka 1180, mtoto ambaye hajatimiza hata miaka miwili. Kiyomori akafa mwaka uliofuata. Mwaka 1183 Taira walipoukimbia mji mkuu walimbeba mtoto huyo pamoja na alama tatu za ufalme, yaani kioo, kito na upanga. Waliobaki mjini wakamsimika nduguye wa baba mmoja, Go-Toba, naye akiwa mtoto mdogo, bila ya alama hizo. Nchi ikawa na wafalme wawili wasiojua hata kwa nini wamekalishwa pale.

Waswahili husema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Sijui kama kuna mahali methali hii ingekaa vizuri kuliko hapa, penye upanga uitwao mfyeka nyasi.

Aprili 1185 koo hizo zilikutana kwa merikebu Dan-no-ura, kwenye mlango wa bahari unaopita Shimonoseki. Taira wakashindwa. Simulizi ya Heike, ambayo ilitambwa na vipofu waliopiga ala ya nyuzi iitwayo biwa, na ambayo nuskha yake mashuhuri iliandikwa mwaka 1371 kwa imla ya mtambaji Kakuichi, inaeleza kilichofuata. Bibi yake mtoto, Tokiko, mjane wa Kiyomori, akauchomeka upanga kiunoni, akabeba kito, akamkumbatia mjukuu wake. Mtoto akauliza anapelekwa wapi. Bibi akamwambia aelekee mashariki aage hekalu la Ise, kisha magharibi amtaje Budha, akamliwaza kwamba hata chini ya mawimbi kuna mji. Wakajitosa. Mama wa mtoto naye alijitupa, lakini askari wakamnasa nywele kwa reki wakamtoa hai. Akaishi maisha yake yaliyobaki kama mtawa. Kioo kikaokolewa, sanduku la kito likaelea. Upanga ukazama. Wapigambizi wakatafuta, dua zikasomwa mahekaluni, wasiupate.

Maelezo matatu

Kuanzia hapo kila mwenye kalamu alitaka kueleza hasara hiyo, na maelezo yaliyodumu ni matatu.

Ya kwanza yanasema hakuna kilichopotea. Kilichozama ni nakala ya jumba la mfalme. Wa asili uko Atsuta tangu zamani. Haya ndiyo yaliyoruhusu utaratibu kuendelea: upanga mwingine ulitumika badala yake, na baadaye ukachukuliwa ulioletwa kutoka Ise. Siyadharau maelezo haya. Yanatosha kwa kuendesha ufalme. Lakini kama jibu la msiba ni sawa na mtu kuambiwa nyumba yake imeungua, naye akajibu kwamba hati ya nyumba iko benki.

Ya pili ni ya mtawa Jien, aliyeandika kitabu cha Gukanshō mnamo mwaka 1219 na 1220. Yeye anafikiri kama mhandisi. Anauliza upanga ulikuwa na kazi gani, anajibu kwamba ni kumlinda mfalme kwa nguvu za silaha, kisha anaona kwamba kazi hiyo sasa inafanywa na wapiganaji na mkuu wao. Minamoto no Yoritomo alikuwa amepewa cheo cha shogun mwaka 1192. Kazi ikihama, chombo hakina sababu ya kubaki. Jien hakuwa anacheza na mawazo. Alikuwa anamwonya Go-Toba, ambaye sasa ni mtu mzima na anapanga kuwapiga vita wapiganaji hao. Go-Toba, mfalme aliyesimikwa bila upanga, anasimuliwa kuwa alipenda panga kupita kiasi, akawaita wafuaji hodari kwa zamu na kushiriki mwenyewe kazi ya kufua. Hakusikia onyo. Mwaka 1221 alipigana, akashindwa, akahamishiwa kisiwa cha Oki, akafia huko mwaka 1239. Kwa hiyo kusoma hadithi vizuri au vibaya kulikuwa na gharama yake.

Ya tatu ni ya Simulizi ya Heike yenyewe, katika sura yake ya upanga. Inamtaja mtu mwenye elimu aliyefumbua fumbo hivi: joka la Izumo halikuusahau upanga wake. Kwa alama ya vichwa vyake 8 na mikia yake 8, lilisubiri tawala 80, likazaliwa kama mfalme wa miaka 8, likauchukua upanga wake na kurudi nao chini ya bahari. Kwa hiyo wasiupate tena wanadamu, umerudi kwa mwenyewe.

Kasoro ya hesabu iliyokaa sawa mno

Nakiri uzuri wa tafsiri hii. Inafunga mwaka 1185 na mwanzo wa dunia kwa fundo moja, na kipofu aliyeitamba usiku mbele ya watu lazima aliwasisimua. Lakini katika kazi yetu, vipimo vikija vyote vimekaa sawasawa bila hitilafu hata moja, mkaguzi mzuri hafurahi. Anauliza nani ameviandika.

Tukague. Antoku alizaliwa Desemba 1178, kwa hiyo kwa hesabu yetu alikuwa na miaka 6. Alipata 8 kwa sababu zamani Wajapani walimhesabia mtoto mwaka mmoja siku ya kuzaliwa na kumwongezea mwingine kila mwaka mpya. Basi, tuseme hiyo ni hesabu yao na ni halali. Lakini ile 8 ya joka haikuwa hesabu kabisa. Katika lugha ya kale ya Kijapani nane ilisemwa kwa maana ya wingi: mawingu manane, miungu elfu nane, yaani mengi, wengi. Kojiki ilipompa joka vichwa vinane ilitaka kusema lina vichwa vingi. Mfumbuaji wa Heike amechukua neno la wingi akalifanya tarakimu, kisha akamtafutia mtoto wa kulingana nalo.

Hilo ni kosa la ufundi. La maadili ni kubwa zaidi. Ukikubali kwamba Antoku alikuwa joka, basi hakuna mtoto aliyekufa Dan-no-ura. Kiyomori aliyemsimika kwa tamaa ya ukoo hana hatia, waliombeba vitani kama mzigo hawana hatia, waliomfuata kwa mishale hawana hatia, na hata bibi yake, ambaye alikuwa na kito mkononi na mjukuu kifuani, hana swali la kujibu. Kila mmoja alikuwa anamsaidia joka kurudi nyumbani. Hadithi imesafisha sitaha yote ya merikebu.

Sasa, mhakiki wa haki lazima aongeze jambo hapa, na ndilo linalonifanya niipende Simulizi ya Heike pamoja na lawama hizi. Sura ya upanga haiji kwanza. Inatanguliwa na ile ya kuzama kwa mtoto, na humo hakuna joka. Kuna nywele ndefu zilizomwagika mgongoni, kuna viganja vidogo vilivyounganishwa, kuna swali la mtoto asiyejua anapelekwa wapi. Msikilizaji akifika kwenye ufumbuzi wa yule mwenye elimu, tayari amekwisha kumwona mtoto. Watambaji hawakulifuta swali lake ili fumbo likae vizuri zaidi. Waliacha vyote viwili, na anayesikiliza kwa mpangilio huo hawezi kusadiki kwa moyo mmoja kwamba aliyeuliza vile alikuwa joka. Wanaoharibu ni wale wa baadaye, pamoja na watengenezaji wa michezo ya watoto wetu, wanaoinyofoa sura ya upanga na kuiacha ya mtoto.

Mwaka 1945

Msidhani haya ni ya kale tu. Katika kumbukumbu alizowasimulia wasaidizi wake mwaka 1946, zilizochapishwa mwaka 1990, Mfalme Hirohito alitaja miongoni mwa sababu za kukubali vita viishe hofu kwamba adui angeteremka ghuba ya Ise, na mahekalu ya Ise na Atsuta pamoja na alama za ufalme yakawa mikononi mwake. Baada ya vita kwisha Agosti 1945, upanga wa Atsuta ulihamishwa kwa muda ukafichwa hekalu la milimani huko Hida, kisha ukarudishwa.

Asubuhi ya 9 Juni mwaka huo huo, ndege za Marekani zilipiga viwanda vya ndege katika mtaa huo huo wa Atsuta. Watu zaidi ya 2,000 waliuawa, wakiwemo wanafunzi waliopelekwa kufanya kazi viwandani kwa amri. Hao hawakupata wa kuwahamishia milimani. Siandiki hili kuwahukumu Wajapani, maana sijaona taifa lisilo na kitu chake linachokitunza vizuri kuliko linavyowatunza watoto wake. Naandika kwa sababu ni sura ile ile ya mwaka 1185, na fasihi inapaswa kutusaidia kuitambua inapojirudia.

Tarehe 1 Mei 2019, siku moja baada ya baba yake Akihito kung'atuka, Mfalme Naruhito alipokea upanga na kito, vyote ndani ya masanduku yaliyofunikwa, hafla ikaonyeshwa duniani kote. Upanga huo wa jumbani ndio wa badala, na ule wa Atsuta haukutolewa. Antoku naye ana mahali pake. Shimonoseki, kando ya maji alimozama, kuna hekalu la Akama, jekundu kama jumba la chini ya bahari, na kila mwaka mwanzoni mwa Mei watu wa huko hufanya maadhimisho yake. Wao wanamkumbuka kwa jina, kama mtoto aliyekuwa mfalme.

Basi nyumbani kwenu mtoto akikuuliza habari za Kusanagi, msimulie joka, msimulie nyasi na gumegume, havina ubaya. Kisha msimulie na Antoku, umwambie alikuwa na miaka 6 na aliuliza anapelekwa wapi. Akishayajua hayo, mwache aamue mwenyewe kama maneno ya joka yanamtosha.

Wenye maoni, hasa waliosoma zaidi yangu katika fasihi ya Japani, nawakaribisha wajibu katika toleo lijalo.